Gunia la Kombe za Pwani

Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililoanzia katika banda la kuku. Wengi wenu mnafuga kuku wa mayai, wala hamhitaji kufundishwa ya kuwa kuku asiyepata chokaa ya kutosha hutaga yai lenye ganda laini kama ngozi, na mara nyingine hulidonoa mwenyewe akalila. Kwa sababu hiyo twanunua kombe za baharini zilizopondwa na kuzichanganya na chakula chao. Ganda la yai ni chokaa karibu tupu, na kombe ya pwani ni vivyo hivyo. Kuku hugeuza kombe kuwa yai, nasi twageuza yai kuwa ada ya shule.

Mwezi uliopita, hapa nyumbani kwangu Milimani, nilinunua gunia moja la kombe zisizopondwa, kwa kuwa bei yake ni nafuu na kinu ninacho. Nikaketi kivulini pamoja na mwanangu, tukaanza kuzichambua ili kuondoa mchanga na vijiti. Katikati ya gunia tukakuta kombe tatu nyeusi, zilizoungua moto. Kisha mwanangu akatoa kigae. Kilikuwa kipande cha chungu, upana wa vidole viwili, na juu yake palikuwa na mistari iliyochorwa kwa ncha ya kijiti kabla udongo haujakauka, mistari ya kukingamana mfano wa meno ya msumeno. Nikamwambia mwanangu aache kusaga.

Mtu wa bara akitaka kujua mambo ya bahari hana budi kumwendea mtu wa bahari. Huko Bondeni yuko bibi mmoja mzee, mzaliwa wa Vanga, aliyekaa Nakuru miaka mingi kuliko mimi. Nilimpelekea kombe chache katika sahani. Nikabisha hodi, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akavaa miwani yake na kuitazama sahani kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "mbona umeniletea mifupa ya ujana wangu?"

Akaanza kuzitenga kwa kidole. "Hii ni kombe yenyewe, hukaa mchangani penye majani ya bahari. Hii ndefu ni tondo, hukaa matopeni chini ya mikoko. Hii ni chaza, hushika mwambani wala hatoki mpaka umtoe kwa chuma. Na hii kubwa ya madoadoa ni dondo. Hiyo mafundi wa kushona walilainishia mshono, siku hizo pasi ilikuwa kitu cha matajiri."

Nikamwuliza, "Na mlikuwa mkizipataje, bibi?"

Akaniambia ya kuwa walingoja bamvua, siku ambazo mwezi ni mchanga au mwezi ni mpevu, maji yakapwa sana na kuacha mwamba wazi mbali kabisa. Hapo wanawake na wasichana walitoka kwa kundi, kila mtu na kikapu chake na kijiti au kipande cha chuma cha kuchokolea. Walikwenda nyuma ya maji yakitoka, na walirudi mbele ya maji yakiingia. Siku za maji mafu hawakwenda, kwa maana bahari haikuwaachia nafasi. Neno lenyewe pwani latokana na kupwa. Ni mahali ambapo maji hupwa. Mtu wa pwani, basi, kwa maana ya asili, ni mtu wa mahali palipoachwa na maji.

"Wanaume wakitucheka," akaendelea yule bibi, "lakini kusi likivuma na mashua zimepandishwa juu, hao hao huuliza chunguni mna nini."

"Na maganda mliyatupa wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Mama yangu alitupa pale pale, na nyanya yangu pale pale."

Katika jibu hilo ndimo elimu nzima ninayotaka kuwaeleza. Ganda la kombe halioza upesi kama jani la ndizi au chembe ya ugali. Watu wakikaa mahali pamoja vizazi vitatu, au vizazi thelathini, na kila jioni mtu akatupa maganda nyuma ya nyumba, panaota lundo. Ndani ya lundo hilo huingia pia majivu ya jikoni, mifupa ya samaki, vigae vya vyungu vilivyovunjika, na ushanga uliokatika uzi. Tena chokaa ya kombe huifanya ardhi isiwe kali, hata mifupa midogo, ambayo mahali pengine ingeliwa na udongo, huhifadhiwa. Kwa macho ya mpitaji ni jalala tu. Kwa macho ya mtu mwenye elimu ya mambo ya kale ni daftari la jikoni, lililoandikwa na watu ambao hawakujua kuwa wanaandika.

Mahali pa namna hiyo ni pengi katika pwani yetu na ya jirani zetu. Shanga katika kisiwa cha Pate ulikuwa mji tangu karne ya 8 mpaka karne ya 15, na Mark Horton aliuchimbua kati ya mwaka 1980 na 1988. Unguja Ukuu, upande wa kusini wa kisiwa cha Unguja, ulisitawi tangu karne ya 7 hivi. Tumbe, kaskazini ya Pemba, ulikaliwa tangu karne ya 7 mpaka ya 10. Katika visiwa vya Mafia, pale Juani, mahali pa kale pamo katika eneo la shule ya msingi, hata wataalamu wakapaita kwa jina la shule hiyo. Hapo watu walikaa kati ya karne ya 4 na ya 6, kabla ya misikiti ya mawe na kabla ya nyumba za ghorofa za Lamu, na katika takataka zao zimo kombe. Nafikiri watoto wa shule hiyo wana bahati: historia yao wanaikanyaga wakicheza mpira.

Wachimbuaji wa kwanza hawakuyajali sana malundo hayo. James Kirkman alianza kazi Gedi mwaka 1948, na Neville Chittick alichimba Kilwa tangu mwaka 1960 mpaka 1965. Walifanya kazi kubwa, nasi tunaishi kwa faida yake. Lakini macho yao yalivutwa zaidi na kuta, mihrabu, sarafu, na bakuli za Uchina, na kwa kuwa vitu hivyo vilinukia ng'ambo, walielekea kuamini kwamba miji yenyewe ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo. Vitabu vya shule vikafuata, nasi tukakariri. Aliyekula nini jioni, na nani alikitafuta chakula hicho, hayakuwa maswali ya maana siku hizo.

Siku hizi kazi hufanywa kwa namna nyingine. Udongo huondolewa tabaka kwa tabaka, hupitishwa katika chekeche yenye matundu madogo, na kila kipande hutiwa katika mfuko wenye namba ya shimo na namba ya tabaka. Makarani watafurahi kusikia kwamba hesabu ya kombe ni kazi ya daftari hasa. Kombe ya namna ya chaza ina maganda mawili, la kushoto na la kulia, yaliyounganishwa kwa bawaba. Ukihesabu vipande vyote utadanganyika, maana ganda moja laweza kuvunjika mara kumi. Basi huhesabiwa bawaba tu, za kushoto mbali na za kulia mbali, na hesabu iliyo kubwa ndiyo hushikwa. Mathalani zikipatikana bawaba 112 za kushoto na 97 za kulia, twajua ya kuwa walikuwapo wanyama wasiopungua 112. Kwa tondo huhesabiwa ncha au mdomo, kwa kuwa kila mmoja ana ncha moja na mdomo mmoja.

Kisha huulizwa: je, kombe hizi zililiwa, au zilitupwa hapo na mawimbi? Kombe iliyozungushwa na bahari huwa laini pembeni kama sabuni iliyotumika. Kombe iliyoliwa huwa na kingo kali, mara nyingi ina alama ya kugongwa au ya moto, na hukutwa pamoja na majivu na vigae. Sasa mnaelewa kwa nini zile kombe tatu nyeusi zilinishtua.

Namna za kombe nazo zina maneno yake. Yule bibi wa Bondeni alitaja makao ya kila moja bila kusita, na mtaalamu hufanya vivyo hivyo. Lundo lililojaa tondo lasema kwamba mikoko ilikuwa karibu. Ikiwa katika tabaka za juu tondo wapungua na kombe za mchangani zaongezeka, huenda mikoko ilikatwa, au pwani imebadilika, au watu wamehamia pengine kutafuta. Kombe zikiwa ndogo mwaka hata mwaka, huenda watu walizidi na bahari haikupewa nafasi ya kukuza. Mkulima aliyeona malisho yake yakiisha kwa ng'ombe kuzidi hatashangaa.

Nisije nikawadanganya, kombe huonekana nyingi kuliko zilivyoshibisha. Nyama yake ni kidogo, ganda ni kubwa, na lundo la urefu wa mtu laweza kuwa chakula kidogo kuliko mifupa ya ng'ombe wachache. Faida yake ni wakati. Kombe hupatikana mwezi ambao upepo umezuia mashua na shamba bado halijaiva. Ni kama viazi vitamu na mihogo iliyobaki ardhini, ambayo hakuna anayejisifu nayo mbele ya wageni, lakini mwezi wa njaa mama wa nyumba anajua alipoiacha.

Maana watu hao walikuwa wakulima pia. Pale Tumbe, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walifanya uchimbuzi katika miaka ya 2000, na Sarah Walshaw akachunguza mbegu zilizoungua katika meko ya kale. Akaona ya kuwa nafaka yao kuu ilikuwa uwele. Mpunga ulikuja kuwa mkubwa baadaye, katika mji wa Chwaka ulio karibu, tangu karne ya 11 hivi. Kwa hiyo mwanamke wa Tumbe alikuwa na shamba la uwele upande mmoja na mwamba wa bahari upande wa pili, na siku yake ilitawaliwa na mabwana wawili, jua na mwezi.

Pale pale Tumbe palipatikana kitu kingine, kwa wingi sana: vigae vyenye mifereji. Mtu asiyejua angevitupa. Vilikuwa vyombo vya kusagia ushanga. Fundi alivunja kombe vipande vidogo, akatoboa kila kipande, akavitunga, kisha akavisugua katika mfereji wa kigae mpaka vikawa duara. Vigae vya namna hiyo vimeonekana pia katika tabaka za chini za Kilwa. Chungu kilichopasuka kikawa kiwanda, na ganda la chakula cha jana likawa pambo la leo. Hapakuwa na jalala katika nyumba hizo, ukifikiri vizuri. Palikuwa na vitu vinavyongoja kazi ya pili.

Fleisher, LaViolette na wenzao waliandika mwaka 2015 kuhusu swali ambalo msomaji wa bara aweza kuliona la ajabu: Waswahili walianza lini kuwa watu wa bahari hasa? Jibu lao ni kwamba katika karne za kwanza, kabla ya mwaka 1000 hivi, samaki walioliwa walikuwa zaidi wale wa karibu, wa mikokoni na wa mwambani. Uvuvi wa kilindi ulizidi tangu karne ya 11. Mifupa ya Shanga, iliyochunguzwa na Nina Mudida wa Makumbusho ya Taifa pamoja na Horton, yafuata njia hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, mwanzo wa miji hiyo mikuu watu walijua bahari kwa miguu kabla hawajaijua kwa tanga. Aliyekuwa mbele katika ujuzi huo ni mwenye kikapu.

Yatupasa kusema pia juu ya tarehe, maana hapo kombe ina hila yake. Mwaka 1949 Willard Libby na wenzake huko Chicago walionyesha namna ya kupima umri wa vitu vya kale kwa kaboni. Kila kilicho hai hupata kaboni ya namna 14, nayo baada ya kufa hupungua, nusu yake ikitoweka kila baada ya miaka 5,730. Lakini maji ya bahari yana kaboni ya zamani iliyokaa vilindini, na mnyama wa bahari huijengea ganda lake. Kombe iliyookotwa siku ile ile mti ulipokatwa kwa kuni huonekana na umri uliozidi wa mkaa huo kwa miaka 400 hivi. Mtu asiyefanya hesabu ya kusahihisha aweza kuutoa mji wa karne ya 9 akautia katika karne ya 5, kisha akagombana na wenzake bure. Ndiyo sababu mchimbuaji hupenda kuwa na kombe na mkaa, au mbegu iliyoungua, kutoka tabaka moja.

Msomaji wa Bonde la Ufa asidhani kwamba haya ni ya watu wa pwani peke yao. Hapa Nakuru, kando ya njia ya Nairobi, tunacho kilima kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi, ambacho Mary Leakey alikichimbua mwaka 1937 na 1938, na makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1965. Juu ya majabali ya kilima hicho pana mashimo ya bao yaliyochongwa katika jiwe. Sijui kama mmewahi kufikiri kwa nini mbegu za bao huitwa kete. Kete ni kauri ndogo, kombe ya baharini, ambayo watu wa pwani walichezea bao. Nasi huku, tulio mbali na maji ya chumvi, twacheza kwa kokoto au mbegu za mti na bado twaziita kete. Jina limepanda mlima bila kombe yenyewe.

Mara nyingi lakini kombe yenyewe ilipanda. Kauri zimeshonwa katika ngozi na mikanda ya watu wa bara kwa vizazi vingi, na huko Uganda zilikuwa fedha; mpaka leo Waganda huita fedha ensimbi, na simbi ni kauri. Tena katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, umbali wa kilomita 15 hivi kutoka baharini, wataalamu wametoa ushanga wa kombe wenye umri wa miaka 65,000 hivi. Watu wa pango hilo hawakuishi kwa chakula cha baharini, maana msitu uliwatosha. Walibeba kombe kwa sababu ilikuwa nzuri.

Na kuku? Nimecheka peke yangu nikifikiri jambo hili. Kuku si ndege wa Afrika. Alitoka Asia, na mifupa yake ni miongoni mwa ushahidi wa biashara ya bahari uliopatikana katika makao ya kale ya pwani kama Unguja Ukuu. Yaani alikuja chomboni, kama bakuli za Uchina. Akapanda bara, akafika Nakuru, na sasa anakaa Milimani akila khabari za mji uliompokea.

Kwa nini niwasumbue kwa mambo haya? Kwa sababu miaka mingi tumebishana kwamba ni nani aliyeijenga pwani yetu, na mara nyingi tumebishana bila kusoma ushahidi. Mwaka 2023 wataalamu, Chapurukha Kusimba akiwa mmoja wao, walitangaza uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, wengi wao katika miji ya pwani. Waliona ya kuwa wengi wa watu wa pwani walikuwa na asili mbili zilizochanganyika tangu yapata mwaka 1000. Upande wa baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi. Upande wa mama, karibu wote, asili ya Afrika, na katika watu wengi huo ndio uliozidi nusu ya asili yao yote. Mababa hao waliacha majina katika nasaba na khabari za kuja kwao. Mama hawakuacha maandishi. Waliacha nyuma ya nyumba lundo la kombe.

Lundo hilo lina maadui. Katika siku zilizopita kombe na mawe ya matumbawe vilichomwa kuwa chokaa ya kujengea. Siku hizi pwani yenyewe inajengwa nyumba na hoteli, barabara zinapita, na malori yanabeba kifusi. Tena sisi wafugaji wa bara twataka kombe kwa magunia. Sitaki mtu aseme kwamba nawashitaki wauza chakula cha kuku. Kombe nyingi sokoni ni za juzi, zimeokotwa ufukoni, wala hazina kosa. Lakini mtu mwenye koleo, anayelipwa kwa gunia, akikuta lundo lililokwisha kukusanywa na watu wa karne ya 9, ataona ni baraka. Hatauliza lilikusanywa na nani.

Na sheria ipo. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa vitu vya kale vile vilivyofanywa kabla ya mwaka 1895, na pia mabaki ya wanadamu, wanyama na mimea yenye umri huo yaliyo ardhini. Kwa hiyo hata ganda la chakula lisilo na nakshi yoyote laweza kuwa kitu cha kale mbele ya sheria. Mtu akivumbua mahali au kitu cha namna hiyo, yampasa kuwapa khabari Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku saba, akionyesha barabara mahali penyewe na jinsi alivyokipata. Haya hayahusu pwani tu. Mkulima wa Njoro au wa Elmenteita aliyelima akatoa chungu au ushanga wa mawe yuko chini ya sheria hiyo hiyo.

Basi nami nilitia kigae changu katika bahasha pamoja na zile kombe tatu nyeusi, nikaandika tarehe juu yake kama nilivyofundishwa nilipokuwa karani, nikaenda Hyrax Hill. Vyungu vyenye mistari ya pembetatu iliyochorwa, ambavyo Felix Chami wa Tanzania ameandika sana juu yake, vilitumiwa tangu visiwa vya Lamu mpaka Msumbiji, kati ya karne ya 6 au 7 na karne ya 10, na njiani nilikuwa nikijipa matumaini makubwa. Nilipokelewa kwa adabu. Kigae kiligeuzwa, kikatazamwa penye mwanga, kikapimwa. Kisha nikaulizwa swali moja: "Kimetoka wapi, mzee?"

Nikasema, "Katika gunia."

"Na gunia?"

Nilirudi dukani nilikonunua. Mwenye duka, mtu mwema, alinitafutia stakabadhi yake. Gunia lilitoka kwa mchuuzi wa Mombasa. Nikapiga simu Mombasa. Mchuuzi akaniambia ya kuwa yeye hupokea kombe kutoka vijiji vingi, kaskazini na kusini, humwagwa uani pamoja, kisha hujazwa katika magunia kwa koleo. Alinisaidia kadiri alivyoweza. Kijiji hakukijua, wala hakuwa na njia ya kukijua.

Kigae kile chaweza kuwa cha miaka 1,200, au chaweza kuwa cha chungu alichovunja mtu wakati wa babu yangu. Kingekuwa bado katika lundo lake, kando ya mkaa wake na mifupa yake ya samaki, mtaalamu angalitupa jibu, na pamoja na jibu hilo angalitupa habari za nyumba nzima. Sasa ni barua isiyo na jina la mwenyewe wala la mji. Imo katika bahasha, na juu ya bahasha imeandikwa: Milimani, gunia.

Yule bibi wa Bondeni aliniomba dondo nikampa. Gunia limebaki nusu, nimelifunga kamba na kuliweka ghalani, nami kwa sasa nanunua chokaa ya mawe. Kuku hawajaona tofauti.